Pesa za Wafadhili na Daftari la Wamama

Wami wetu, wakubwa wa vijiji, mashefu wa karte na wa nyumba kumi, mazungumzo ya leo yanawahusu sana, hata kama mwanzoni itaonekana kama ni mambo ya wamama peke yao.

Leo tunaongea juu ya pesa. Si pesa za kodi wala za biashara. Ni zile ambazo watu wenye mali, mashirika na mataifa ya mbali wanatoa kwa jina la wanawake. Wamama wengi wanatuuliza kwa nini pesa hizo zinapita kama ndege ya juu: sauti inasikika, lakini hakuna anayeona mahali inapotua. Hatutajibu swali hilo kwa kuwatukana wafadhili, wala kwa kuwatukana wamama wachache waliopata. Tutalijibu kwa historia, maana jambo hili halikuanza jana.

Kwanza tusikilizane juu ya maneno. Kuna miradi ya wanawake na kuna harakati za wanawake. Cherehani, sabuni, mbuzi wawili, mbegu za maharagi: hiyo ni miradi. Harakati ni pale wanawake wanapokaa pamoja na kusema kwamba sheria hii inatuonea, kodi hii inatumaliza, mtu huyu aliyembaka mtoto wetu afikishwe mbele ya hakimu. Cherehani ni kitu kizuri, hatukatai. Lakini cherehani haiendi kwa hakimu. Wafadhili wengi wamependa kutoa cherehani kwa sababu inahesabika na inapigwa picha. Harakati hazina picha nzuri, na mara nyingine zinamkasirisha mkubwa.

Wazee wetu wanakumbuka fwaye, yaani zile nyumba za mafundisho ambazo serikali ya Wabelgiji na wamisionari waliwafungulia wanawake. Humo mwanamke wa Kikongo alifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi, kutunza mtoto na kupanga meza. Hatusemi kwamba hayo yalikuwa mabaya. Mama zetu wengi walijifunza kushona huko, na sisi tulivaa nguo walizoshona. Lakini ni nani aliyechagua mafundisho? Hakuna aliyemwuliza mama wa Lubero kama anataka kujifunza kupiga pasi au kujifunza kusoma barua ya kodi. Aliyetoa pesa ndiye aliyechagua, na alichagua mke mzuri wa karani. Hakumchagua mwanamke mwenye kusema.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo hayo. Mwaka 1952 serikali ya Waingereza ilisimamisha chama cha Maendeleo ya Wanawake, wakati ule ule hali ya hatari ilipotangazwa juu ya Mau Mau. Mwanzoni viongozi walikuwa wanawake wa Kizungu, na mafundisho yalikuwa ya nyumba na usafi. Serikali ilitumaini kwamba mwanamke mwenye shughuli ya kushona hatapeleka chakula msituni. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza, na wanawake wakaanza kukigeuza kiwe chao. Wakakikuza mpaka kikawa na vikundi katika kila pembe ya nchi. Kisha mwaka 1987 chama tawala, KANU, kikakichukua na kukifunga chini ya jina lake. Angalieni vizuri: mara mbili, mkono uliolisha ulitaka kushika pia ulimi. Mara ya kwanza mkono ulikuwa mweupe, mara ya pili ulikuwa mweusi. Kwa mwanamke wa kijijini tofauti haikuwa kubwa.

Sasa turudi kwetu Kivu, tuone harakati ambazo hakuna mfadhili aliyezilipia. Mwaka 1982, katika kolektivite ya Buloho, zone ya Kalehe, kusini ya Kivu, wanawake walichoka na kodi za njiani. Mama alipobeba muhogo kwenda sokoni alikuta kizuizi, analipa. Sokoni analipa tena. Wakati huo Zaire ilikuwa nchi ya chama kimoja, na kusema hapana ilikuwa hatari. Wanawake wale walikataa, wakapeleka malalamiko yao kwa wakubwa. Hawakuwa na ofisi, hawakuwa na kopi ya mradi kwa Kifaransa. Walikuwa na njia moja waliyoipita wote na mizigo mgongoni, na juma baada ya juma waliongea humo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Catharine Newbury, aliandika habari yao mwaka 1984, ndiyo sababu tunaijua. Zingine kama hiyo zilipotea bila kuandikwa, na mama anayesikiliza hapa pengine anaikumbuka moja ya kwao.

Basi tukiulizwa harakati za wanawake zinatoka wapi, tusiseme kwamba zilishuka Goma kwa ndege. Zilikuwa barabarani na mzigo wa muhogo.

Jambo lililozifunga ni sheria. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilisema kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kufanya tendo la kisheria bila ruhusa ya mume wake. Fikirini chama cha wamama ishirini wanaotaka kufungua hesabu katika banki: ilibidi kila mmoja aende nyumbani kuomba ruhusa. Mume mwema alikubali. Mwingine alisema, leteni pesa hizo niwatunzie mimi. Sheria hiyo ilidumu karibu miaka thelathini, mpaka iliporekebishwa mwezi wa 7 mwaka 2016, na kifungu hicho kikaondolewa. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake waliokwenda Kinshasa na kurudi, mwaka baada ya mwaka, wakapiga hodi kwenye milango ya wabunge. Nani alilipa safari hizo? Ni swali zuri, maana safari ni kitu ambacho wafadhili wanakipunguza kwanza.

Kuanzia mwaka 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, mashirika yalichipuka Kivu kama uyoga baada ya mvua. Mataifa ya nje hayakutaka tena kuipa serikali pesa, yakatafuta mashirika. Mengine yalikuwa ya kweli. Mengine yalikuwa mtu mmoja, muhuri mmoja na mkoba. Goma ilipata PAIF mwaka 1992 kwa ajili ya kusaidia juhudi za wanawake. Hapa Butembo wakulima walianzisha SYDIP mwaka 1993 ili kutetea haki zao, na baadaye wanawake wakulima wakawa na muungano wao wenyewe, LOFEPACO. Vyama kama hivyo vilikuwa na faida moja kubwa: mwanachama alilipa mchango wake. Mchango ule ni mdogo, pengine hautoshi hata karatasi za ofisi. Lakini anayelipa mchango ana haki ya kusimama katika mkutano na kuuliza pesa zimekwenda wapi. Anayepewa bure mara nyingi ananyamaza.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya mfano wa Wangari Maathai, kwa sababu watu wanajua miti yake kuliko hesabu zake. Alianza kazi yake Kenya mwaka 1977, akipanda miti michache tu pamoja na baraza la wanawake la nchi ile. Kwa miaka minne alihangaika na misaada midogo midogo. Mwaka 1981 mfuko wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake ulimpa zaidi ya dola 100,000. Pesa hizo zilipofika, zilikuta vikundi vimekwisha kuwepo. Hazikuunda vikundi. Na utaratibu wake ulikuwa hivi: mwanamke alilipwa kidogo kwa kila mche uliokua na kushika mizizi, haikutosha kuuchimbia shimo tu. Hesabu iliandikwa na vikundi vyenyewe. Basi mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru pale Nairobi, Wangari alipinga. Walimtukana bungeni, wakamtoa katika ofisi yake. Jumba halikujengwa. Mfadhili wa mwaka 1981 alidhani analipia miche. Kumbe alilipia pia wanawake ambao miaka minane baadaye hawakuogopa. Kama angedai kwamba kila dola ioneshe mti na si kitu kingine, sijui kama tungepata jambo hilo la pili.

Katika miaka ile ile, wanawake wa sehemu nyingine za dunia walifikiri njia nyingine: badala ya kuomba kila siku, tuwe na mifuko yetu. Uholanzi, mwaka 1983, wanawake watano walianzisha mfuko unaoitwa Mama Cash kule Amsterdam. Mmoja wao alikuwa amerithi mali, akaamua isibaki kwake. Marekani, mwaka 1987, ukazaliwa mfuko wa dunia kwa ajili ya wanawake, Global Fund for Women. Mwaka 2000 ikafika zamu ya Afrika: Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria, Joana Foster wa Ghana na Hilda Tadria wa Uganda walianzisha mfuko wa maendeleo ya wanawake wa Afrika, AWDF, wenye makao Accra. Tofauti ya mifuko hiyo na misaada mingine ni kwamba wanaosoma maombi ni wanawake waliowahi kuomba. Wanajua kwamba kikundi cha watu kumi na watano hakiwezi kuandika kurasa arobaini.

Hata kwetu mfuko wa namna hiyo upo, na mizizi yake iko karibu na sisi. Julienne Lusenge alikuwa mwandishi wa habari wa redio kule Bunia. Vita vya Ituri vilipowaka, wanawake walikuja kumsimulia mambo ambayo hayakuweza kusomwa katika taarifa ya saa moja. Mwaka 2000, pamoja na wenzake, alianzisha SOFEPADI, yaani mshikamano wa wanawake kwa ajili ya amani na maendeleo. Wengi walipokimbilia Beni, kazi ilikimbia pamoja nao, ikashika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Waliwatibisha waliobakwa, wakawasindikiza mpaka mahakamani, hasa baada ya sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2006 iliyoongeza adhabu juu ya ubakaji. Sasa, kumsindikiza mtu mahakamani ni nini? Ni nauli ya pikipiki, mara sita au saba, maana kesi inaahirishwa. Ni chakula cha siku ya kesi. Ni mtu wa kubaki na watoto. Ni wakili. Ni mahali pa kulala kama mshitakiwa ana ndugu wenye bunduki. Hakuna hata kimoja cha vitu hivyo kinachopendeza katika picha.

Mwaka 2007 ukaanzishwa Mfuko wa Wanawake wa Kongo, FFC, na Mama Lusenge akauongoza. Kazi yake ni kupokea pesa kutoka nje na kuzigawa kwa vyama vidogo vya wanawake ndani ya nchi, vile ambavyo mfadhili wa Ulaya hawezi kuvijua. Mwaka 2021 yeye mwenyewe alipewa tuzo ya Aurora, na mwaka 2023 tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Tunalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba mambo makubwa hayawezi kutoka kwetu.

Lakini tusijisifu mno, maana hapa hapa kwetu tuliona pia namna pesa nyingi zinavyoweza kuwaumiza wanawake. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 serikali ilitangaza Ebola kule Mangina. Ugonjwa ulifika Beni, ukafika Butembo, na ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 ulikuwa umewashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Mliona wenyewe magari yale. Mliona bei ya nyumba ikipanda. Kazi za kufua, kupika, kusafisha na kuhamasisha ziligawanywa upesi upesi, na mgawaji mara nyingi alikuwa mwanaume peke yake na orodha yake. Baadaye wanawake walisema waliombwa miili yao ili wapate kazi hizo. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kuchunguza, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa huyo huyo Mama Lusenge. Ripoti ilitoka mwezi wa 9 mwaka 2021, ikataja washukiwa 83, kati yao 21 walikuwa wametumikia shirika hilo.

Nawaombeni wakubwa wa karte msikilize hapa. Si kwamba pesa zilikosa jina la mwanamke. Karatasi zilimtaja mara nyingi. Kilichokosa ni wanawake waliopangika, wenye nguvu ya kusema tangu siku ya kwanza: orodha ya kazi itasomwa hadharani, na malalamiko yatapelekwa kwa fulani, si kwa yule yule anayegawa. Chama cha wamama chenye ofisi yake, simu yake na mshahara wa watu wawili kwa miaka mitatu kingegharimu kidogo kuliko petroli ya magari yale kwa muda mfupi.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi wa 1 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 mwezi wa 7 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa kazi. Sehemu kubwa ya msaada wa dharura katika Kongo ilitoka huko. Ni miezi hiyo hiyo Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23, watu wa Lubero ya kusini wakapanda kuelekea Butembo, huku wale wa Beni na Mambasa wakiendelea kukimbia mauaji ambayo tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 hayajawaacha. Watu waliongezeka, misaada ikapungua.

Mwaka huo nilikaa katika mkutano mmoja, katika ua wa shule, pamoja na wamama waliokimbia na wageni wa shirika moja ambalo sitalitaja. Wageni walikuwa wapole. Waliuliza kama kuna kikundi chenye hati za serikali, hesabu ya banki na ripoti za miaka miwili. Kimya. Watu wanaokimbia usiku hawabebi statuti. Kisha mama mmoja akatoa ndani ya kitenge daftari la shule, limelowa pembeni. Lilikuwa daftari la likelemba lao. Kila juma kila mmoja anaweka kidogo, mmoja anapokea, na franka chache zinabaki kwa ajili ya anayejifungua au anayefiwa. Walilianza tena siku ya kumi baada ya kufika. Majina, tarehe, kiasi, na alama ya kidole kwa asiyejua kuandika. Hakuna aliyekuwa amekosa. Mgeni mmoja aliliangalia kwa heshima, akalirudisha, akasema kwa bahati mbaya fomu haina nafasi ya kitu kama hicho.

Mimi nasema fomu ndiyo yenye upungufu. Daftari lile ni hesabu ya banki, ni ripoti na ni orodha ya wanachama, vyote pamoja. Mfadhili anayetaka kweli kusaidia harakati za wanawake aanzie hapo: aulize wamekutana tangu lini, wanatunza nini pamoja, mara ya mwisho walibishana juu ya nini. Kikundi kinachobishana na bado kinakutana juma lijalo kinaweza kupewa pesa. Awape kwa miaka kadhaa, asiwape kwa miezi sita, kwa sababu kesi moja tu ya ubakaji inapita miezi sita. Awaache wapange wenyewe, hata wakisema kwamba mwaka huu wanataka kulipa nauli na mshahara wa mwandishi, siyo semina. Apokee ripoti kwa Kiswahili, hata kwa mdomo, akirekodi sauti yao. Na asibandike jina lake kwenye mlango wa nyumba ambamo wanawake waliobakwa wanaingia. Kuna watu wenye silaha wanaosoma mabango.

Wafadhili si Wazungu tu. Butembo ni mji uliojengwa kwa michango. Tangu siku za Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi yetu kuanzia mwaka 1966 mpaka 1997, watu walifanya salongo, wafanyabiashara wakatoa simenti na magari, barabara zikapitika bila kungoja Kinshasa. Wenye magazini wa barabara kubwa wanajua kutoa. Wanatoa kwa kanisa, kwa shule, kwa matanga, kwa timu ya mpira. Ila mara ngapi mmesikia tajiri wa Butembo amelipia wakili wa mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake? Wengine watasema hayo ni mambo ya familia, tusiyaingilie. Hata ubakaji uliitwa mambo ya familia, ukamalizwa kwa mbuzi mmoja kati ya wababa wawili. Chumba kimoja cha magazini, kilichofungwa bila kazi, kikitolewa kwa chama cha wamama kwa miaka mitano bila kodi, ni msaada ambao hakuna anayeweza kuusimamisha kutoka Washington.

Na ninyi wakubwa wa vijiji na wa karte, kwa heshima yote: msiombe asilimia. Tunajua mnafanya kazi bila mshahara wa kutosha, na wengine hamna mshahara kabisa. Lakini mama anayepokea dola ishirini za kuanzisha biashara akiacha tano kwa mkubwa kwa ajili ya saini, kumi na tano zinazobaki hazifiki mwezi. Wala msimwandike mke wa rafiki katika orodha ya wajane. Kazi yenu ni kutoa kibali upesi, kuwapa mahali pa kukutana, na kutowaita wakorofi siku wanapokuja kwenu na malalamiko, kama wale wa Buloho walivyokwenda kwa wakubwa wao mwaka 1982.

Yule mama mwenye daftari bado yuko hapa mjini. Likelemba lao limepita watu thelathini sasa, na wamechagua wawili kati yao wa kwenda kusikiliza kesi ya msichana wa kwao. Nauli ya kikao cha kwanza waliitoa katika zile franka za matanga. Kikao cha pili bado hawajajua wataitoa wapi. Anayetaka kuwasaidia aje kwenye redio, tutamwonyesha njia, na atakwenda kuongea nao mwenyewe.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaongea na watu wanaojua mambo ya ardhi, juu ya wajane na mashamba yaliyoachwa wakati wa kukimbia. Wenye maswali wayaandike kwenye karatasi, au wamtume mtoto ayalete.